Ng'ombe Katika Kaseti ya Sita

Muuaji alikuwa amekaa kitini, mikono mapajani, bakuli la supu mbele yake likitoa mvuke. Mpelelezi alikuwa ameshamwuliza lile swali lake moja, na sasa alikuwa anangoja. Sebuleni kwa shangazi tulikuwa watu ishirini na kitu, wengine kwenye makochi, wengine kwenye madebe waliyokuja nayo, wawili wamesimama nje dirishani chini ya mwavuli mmoja. Hakuna aliyekohoa. Muuaji akafungua mdomo.

Akatokea ng'ombe.

Alikuwa ng'ombe mzuri, siwezi kumkosea heshima. Friziani, mnene, amesimama akinyunyiziwa dawa ya kupe, na sauti ya mwanamume ikatueleza kwa Kiswahili sanifu kwamba mfugaji bora huogesha mifugo wake kila wiki. Picha haikuwa na rangi, lakini kwa friziani jambo hilo halionekani upesi. Tukamwangalia ng'ombe. Ng'ombe akatuangalia. Guka, mzee jirani ambaye hupewa kiti cha mbele kwa sababu ya masikio yake, ndiye aliyeongea kwanza.

"Kumbe yote yalikuwa mambo ya ng'ombe," akasema, kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, mahali pangu pa siku zote. Na nilimtambua ng'ombe yule. Tulikuwa tumeonana jana yake, Jumamosi, mimi na yeye peke yetu, kwa karibu nusu saa.

Hayo yalitokea mwaka jana, mwaka wa kura, nikiwa kidato cha pili. Nilikuwa nakaa Karatina kwa tata, ndivyo sisi tunavyomwita shangazi, kwa sababu shule yangu ni ya kutwa na wazazi wangu wako Kangari na majani yao ya chai. Tata ni dada mkubwa wa baba. Mimi nimepewa jina la mama yao, kwa hivyo tata huniita "maitu", yaani mama yangu. Mtu wa miaka hamsini akikuita mama yake, unakosa hata njia ya kukataa kuosha sufuria.

Kabla ya kuuza karoti na vitunguu sokoni, tata alikuwa mpishi wa Wakorea. Walikuwa mume na mke, watu wa misheni, waliokaa miaka minne upande wa Nyeri. Walipoitwa kurudi kwao walimwachia televisheni, mashine ya vidio, mtungi wa udongo wa kuvundikia kabichi, na kaseti sita. Kabichi hiyo hutiwa pilipili na chumvi ikafungiwa mtungini mpaka ianze kuongea yenyewe. Mara ya kwanza tata alipoitengeneza hapa, jirani mmoja aliuliza kwa upole kama kuna kitu kimetufia stoo.

Kaseti zilikuwa ni mchezo wa televisheni wa kwao, umerekodiwa na dada ya yule mama Mkorea na kutumwa kwa posta, pamoja na matangazo yote ya katikati. Kulikuwa na mwanamume aliyefurahia friji kuliko ninavyojua mtu kufurahia mtoto. Tuliyaangalia matangazo kwa heshima ile ile tuliyoangalia mauaji. Jina la mchezo hatukulijua. Liliandikwa kwa herufi zinazofanana na viti na madirisha, hivyo tukauita Ile ya Koti, kwa sababu mpelelezi alikuwa na koti refu la kijivu ambalo lilimzidi mabegani, kana kwamba mwenyewe halisi alikuwa amekwenda msalani akamwachia alishike.

Nataka kumsifu huyu mtu wa koti, kwa sababu sijawahi kuona mtu wa namna yake, kwenye kioo wala nje ya kioo. Filamu zote nilizokuwa nimeona kabla yake ni za mateke. Mtu anaruka, anapiga wenzake saba, anarudi chini nywele ziko sawa. Yeye hakuwahi kukimbia. Hakuwa na bastola, au kama alikuwa nayo ilikuwa imepotelea ndani ya koti. Akifika mahali mtu ameuawa, askari wengine wakipiga kelele na kupima pima, yeye anasimama katikati ya chumba na kuangalia. Anaangalia taulo limekunjwa vipi. Anaangalia sufuria imeoshwa au haijaoshwa. Wanawake watatu walikuwa wameuawa, na kila mara viatu vyao vilikutwa vimepangwa vizuri sana, ncha zikielekea mlangoni, kama vya mgeni ambaye bado ataondoka. Askari wengine hata hawakuviona. Yeye alichuchumaa mbele ya vile viatu dakika mbili nzima, na yule dada aliyerekodi hakukata hata sekunde moja.

Halafu anaandika kwenye kijitabu. Hachori sura ya mtu, anaandika tabia. Usiku anabandika karatasi ukutani na kuongea nazo. Polepole unaona anamjenga muuaji kutokana na taulo na viatu, mpaka ukikutana naye unasema, aa, ndiye wewe.

Waliokuja kutafuta mateke waliacha kuja wiki ya pili. Waliobaki ni wamama wa kwaya, guka, watoto ambao hawakuwa na kwingine, na mimi. Tulikuwa tunaangalia kila Jumapili baada ya kanisa, kaseti moja kwa Jumapili mbili, kwa sababu tata alisema tukimaliza haraka tutabaki na nini. Kwangu ilikuwa kama mtu amenifungulia dirisha. Mimi ni mtu wa haya. Darasani nikiulizwa swali, jibu hufika mdomoni na kugeuka kurudi. Maisha yangu yote nimekaa karibu na mlango nikiangalia watu, na sikuwa najua kwamba hiyo ni kazi, kwamba kuna nchi ambapo mtu anapewa ofisi na koti kwa kuifanya.

Basi na mimi nikaanza. Nina daftari ambalo mwalimu wa Kiswahili angeliita shajara. Nikawa naandika watu humo. Mwalimu wa hesabu: huvunja chaki vipande viwili kabla hajaanza kuandika, na kile kirefu hakitumii. Anamwekea nani? Mama wa sauti ya kwanza katika kwaya: hufumba macho wakati wa maombi, lakini tukimaliza anajua nani amevaa viatu vipya. Ana hatia, bado sijajua ya nini.

Shida moja ya Ile ya Koti ni kwamba hakukuwa na maandishi ya kutafsiri chini. Mkalimani alikuwa tata. Na tata, katika miaka minne, alikuwa amejifunza Kikorea cha jikoni. Alijua mchele, chumvi, figili, moto, kisu, leta, bado, na neno la kushangaa mtu akidondosha sahani. Kwa maneno hayo alitafsiri mauaji matatu. Mkubwa wa polisi akifoka na kupiga meza, tata anasema: "Anasema kitu imeungua." Mjane akilia makaburini, tata anasikiliza kwa makini, anasema: "Hapo sijui. Lakini ametaja figiri."

Sentensi moja tu aliijua kabisa, bila kubahatisha. Mwishoni mwa kila kaseti mpelelezi anaketi na mtu anayemshuku. Hampigi, hamwulizi usiku wa tarehe fulani ulikuwa wapi. Anamletea bakuli la supu yenye wali ndani, anaisukuma mbele yake, anasema: "Bamogoso?" Halafu ananyamaza. Mtu anaangalia supu. Mtu anaangalia koti. Na mtu, hata kama si yeye muuaji, anasema kila kitu, huku analia.

Neno hilo yule mama Mkorea alikuwa akimwambia tata kila asubuhi akiingia jikoni. Ndiyo salamu yao. Tata akatutafsiria: "Anamuuriza kama amekura."

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo watu wa kwetu wanalijua na hawapendi kuambiwa. Kikuyu hakina l. Kwa hivyo ulimi wetu ukikutana na l huigeuza r, na wengine wakijaribu kujirekebisha hugeuza na zile r ambazo hazikuwa na makosa. Sitaandika r zote za tata, kitabu hakitoshi. Lakini ile ya "amekura" ilileta maneno, kwa sababu guka, ambaye mwaka ule kichwani mwake hamkuwa na kitu kingine ila kura, aligeuka na kuuliza huyo muuaji anakura wapi na kama kadi anayo. Tangu siku hiyo guka aliamini kwamba mpelelezi ni mtu wa uchaguzi, na kwamba wote wanalia kwa sababu hawakujiandikisha.

Aliyecheka mpaka akalala sakafuni alikuwa rafiki yangu.

Nilikuwa na rafiki mmoja, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Mmoja. Tulikuwa tunakaa dawati moja. Kwao ni nyuma ya msikiti, na nyanya yake alitoka Mombasa, au Lamu, au Unguja, inategemea ni nani anayeuliza. Siku ya kwanza ya kidato cha kwanza aliniuliza kama mimi huwa siongei. Nikatikisa kichwa. Akasema vizuri, basi yeye ndiye atakayeongea, na hivyo ndivyo tulivyogawana kazi. Kiswahili chake kilikuwa kisafi mpaka kinakera. Mtu darasani akiomba kuazimwa karamu, yeye anamwuliza ni nani anayeoa. Lakini ni yeye aliyegundua kitu ambacho mpaka leo nakipenda. Tata alikuwa akituigiza jinsi mama Mkorea alivyokuwa anasema Kiswahili, "njoo tukure," na rafiki yangu akasema: "Kumbe na wao! Ndiyo maana mlielewana. Mmekosea pamoja."

Kaka yake hutengeneza redio, kwa hivyo ni yeye pekee tata aliyemruhusu kugusa mashine. Ndiye aliyesafisha kichwa cha vidio kwa pamba na spiriti. Ndiye aliyemshauri tata avunje kile kipande kidogo cha plastiki nyuma ya kaseti, ili zisirekodiwe juu kwa bahati mbaya, na tata akakataa, akasema hawezi kuvunja kitu cha wenyewe, pengine watarudi. Basi rafiki yangu akachukua plasta ya kidonda, akabandika juu ya kile kibonye chekundu cha rimoti, na juu ya plasta akachora alama ya kukata kwa kalamu ya buluu. Akatutangazia wote: hapa pana kifo, msiguse.

Mimi nina ugonjwa wa kubanduabandua vitu. Rangi ya dawati, lebo za chupa, ngozi ya kando ya kucha. Jumapili moja wakati wa tangazo la friji nilikuwa nimeshika rimoti, na mkono ukafanya kazi yake bila kuniuliza. Plasta ikatoka ikiwa bado inanata vizuri. Siku hizo daftari langu lilikuwa limepasuka mgongoni. Nikaibandika hapo. Nikaona nimetengeneza kitu.

Sasa ile Jumamosi. Tata alikuwa sokoni tangu asubuhi. Kesho yake ilikuwa ni zamu ya nusu ya mwisho ya kaseti ya sita, na Karatina nzima, yaani watu ishirini na kitu, walikuwa wanabishana muuaji ni nani. Wamama wa kwaya walisema ni mwenye nyumba, kwa sababu ni mwenye nyumba. Mimi nilikuwa nimeshaandika daftarini kwamba ni muuza samaki, yule mpole, ambaye hupanga samaki wake wote wakielekea upande mmoja. Sikuweza kungoja. Niliwasha, nikaangalia mpaka mwisho, peke yangu, mapazia yamefungwa, kama mlevi wa siri.

Alikuwa muuza samaki. Sijawahi kuwa na furaha kama ile na mtu wa kumwambia hayupo.

Nilitaka kurudisha nyuma niandike jinsi mpelelezi alivyosema lile neno, sauti inapanda wapi. Nikarudisha. Nikataka kuanzisha. Rimoti ilikuwa na maandishi ya viti na madirisha, na kibonye kimoja kizuri chekundu ambacho sasa hakikuwa na kitu juu yake. Nikakibonyeza. Kwenye kioo akaja ng'ombe. Nilidhani kaseti imeisha na televisheni imerudi kwa vipindi vyake vya Jumamosi. Kwa hivyo nikaketi nikaangalia kipindi cha ukulima. Nilijifunza mengi kuhusu kupe.

Sikujua nimefanya nini mpaka Jumapili, muuaji alipofungua mdomo.

Tata alizima. Watu wakaanza kunung'unika, guka akawa anawaeleza wengine habari za ng'ombe, na tata akasimama mbele ya televisheni akiwa na rimoti mkononi, akiipapasa kwa kidole mahali plasta ilipokuwa. Hakupandisha sauti. Alimwangalia rafiki yangu.

"Ni wewe pekee unajua hii mashine," akasema. "Ni wewe pekee nirikuwachia."

"Shangazi, mimi sikugusa."

"Na plasta yako iko wapi?"

Rafiki yangu akainama kuitafuta chini ya kochi. Wamama wa kwaya wakatazamana kwa ile namna yao, na mmoja akasema kwa Kikuyu, akidhani msichana hasikii, kitu kuhusu watu wa huko nyuma ya msikiti. Amezaliwa Karatina. Anasikia kila kitu. Tata akamwambia asirudi tena kwake, na asiwe anakuja kuniita. Rafiki yangu akasema, "Haya, kwaherini," akachukua ndala zake mlangoni. Kuzichukua ilibidi aupitishe mkono mbele ya miguu yangu.

Mimi sikusema kitu. Naandika hivi bila kujitetea. Jibu lilifika mdomoni, likageuka, likarudi, kama vile darasani. Tofauti ni kwamba darasani huwa hakuna mtu anayefukuzwa kwa ajili yake.

Jumatatu dawatini alikuwa bado ananiongelesha, kidogo. Alisema atajua tu ni nani. Wakati wa chakula nilitoa daftari langu. Niliona macho yake yamesimama. Alikuja kuniuliza pale bombani, tukisuuza sahani, hakuna mtu karibu.

"Hiyo plasta kwenye daftari lako umeitoa wapi?"

"Dukani."

"Duka gani hilo linalouza plasta yenye wino wangu?"

Nikaangalia maji. Alingoja. Alingoja kwa muda mrefu kuliko mtu wa koti alivyowahi kungoja, sahani yake ikitiririka. Halafu akaondoka, na baada ya chakula nikakuta amehamia dawati la mbele, karibu na msichana ambaye hunuka mafuta ya taa.

Hakumwambia tata. Hakumwambia mtu yeyote. Hilo ndilo lililonimaliza. Angenisema, ningeweza hata kumkasirikia. Kwa wiki mbili nilikwenda shule na kurudi bila kutumia sauti isipokuwa kuitikia jina. Jumapili watu hawakuja tena. Nilijaribu kuandika daftarini tabia za mtenda kosa, kwa njia ya mpelelezi. Nikaandika: ni mtu wa nyumbani. Hukaa karibu na mlango. Hubandua vitu. Ana haya, na hiyo haya watu huiita upole, na yeye huwaacha waiite hivyo. Hapo nikafunga daftari. Kazi ya kupeleleza ni nzuri sana ikiwa ya mwingine.

Wiki ya pili ilikuwa ni ule ubaridi wa Julai, ukungu mpaka saa sita, jua halijulikani liliko. Jumamosi tata alirudi kutoka sokoni mapema, amenunua mifupa. Akaichemsha mchana kutwa kwa njia ya Wakorea, mpaka supu ikawa nyeupe kama maziwa, na dirisha la jikoni likalia machozi. Mimi nilikuwa mezani na kitabu cha jiografia nilichokuwa sisomi. Akatia wali katika bakuli, akamimina supu juu, akalileta. Akalisukuma mbele yangu. Akaketi upande wa pili, bado amevaa lile koti lake la sokoni, lile kubwa la kijivu la mitumba. Nilikuwa nimeliona kila siku na sijawahi kuliona.

"Bamogoso, maitu?" akasema.

Niliangalia supu. Niliangalia koti. Nikasema kila kitu, huku nalia. Nilisema plasta, kibonye, kupe, mapazia. Nilisema muuza samaki. Nilisema hata mambo ambayo hakuna aliyeyauliza, kwamba kabichi yake naimwagia kuku na kuku wameanza kuikataa. Tata alinisikiliza, kijiko kiko hewani. Niliponyamaza akakiweka mezani.

"Mimi niriuriza tu kama umekura," akasema.

Hakuwa ameshuku kitu. Alisikia baridi, akanunua mifupa, akaona nimekonda. Basi. Mpaka leo nikimkumbusha anacheka mpaka anashika ukuta, lakini siku ile hakucheka. Aliniacha nimalize bakuli, maana chakula hakitupwi hata na mhalifu, kisha akaniambia nivae sweta.

Tulikwenda nyuma ya msikiti sote wawili. Kwao viatu huvuliwa mlangoni. Nilivua vyangu, na nilipotazama chini nilikuta nimevipanga vizuri, ncha zikielekea nje, nikajiogopa. Tata alimwomba mama mtu msamaha, akamwomba na msichana, kwa jina lake lote, na alimletea supu kwenye thamosi. Walipokea vizuri. Mama yake alisema watoto ni watoto. Rafiki yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka akikunja nguo za kaka yake, na hakuinua macho. Nilisema nisamehe. Ilitoka ndogo sana, mtu angedhani ni mlango umelia.

Njiani tata aliniambia kwamba hapo bado. Yule msichana alisemwa mbele ya watu wote, na mimi nimemwomba msamaha mbele ya mkeka.

"Kesho nitaita watu," akasema. "Wewe ndiye unajua ile mwisho. Utawaambia."

Nikamwambia siwezi. Akaniambia anajua. Akaendelea kutembea.

Walikuja wote, na madebe yao. Tata alikuwa amewatangazia kanisani kwamba mwisho umepatikana. Waliangalia televisheni iliyozimwa, kisha wakaniangalia mimi niliyesimama mbele yake, na nikaelewa kwa nini ng'ombe yule alikuwa ametuangalia vile. Mahali pangu karibu na mlango palikuwa wazi. Nilikuwa nimemtumia rafiki yangu ujumbe kupitia kaka yake kwamba aje. Hakuwa amekuja.

Nikaanza. Sikumbuki sentensi za kwanza, na nadhani hata waliokuwepo hawakuzisikia, kwa sababu guka alikuwa anasema "Nini? Nini?" Nikarudia kwa nguvu. Niliwaambia yule waliyemwona kitini, muuza samaki, ndiye mwenyewe. Wamama wa kwaya wakaguna kwa sababu ya mwenye nyumba. Niliwaambia supu ilivyowekwa, na jinsi mpelelezi, pale ng'ombe alipotukatia, alivyofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya, alivua viatu vyake pale pale ofisini, akaviacha ovyo, kimoja huku kimoja kule. Na muuaji akawa hawezi kula, macho yako kwenye vile viatu. Mpelelezi akamwuliza mara ya pili, nikasema, na sauti nikaipandisha mahali panapopanda: "Umekura?"

"Umekula," ikasema sauti mlangoni.

Alikuwa amekaa pale, mahali pangu, ndala mkononi. Watu wakacheka, na mimi pia. Nikarudia, "Umekura?", makusudi, nikaendelea. Niliwaambia alivyolia. Niliwaambia kwamba askari walipokuja kumchukua alisimama, akapiga hatua mbili, akachuchumaa, na kwa mikono iliyofungwa akavipanga viatu vya mpelelezi, ncha zikielekea mlangoni. Na kwamba mpelelezi alirudi kwao akiwa soksi tupu, viatu ameshika mkononi, na mama yake mzee akatokea mlangoni akamwuliza kama amekula, salamu ya kawaida tu, na yeye akasimama pale kwenye theluji asiweze kujibu. Halafu ikawa ni tangazo la friji.

Mama wa sauti ya kwanza alikuwa anafuta macho kwa kona ya leso. Nilidhani nimemaliza, nikageuka kwenda kukaa. Guka akainua fimbo.

"Na ng'ombe?" akauliza. "Ng'ombe ni ya nani?"

Hapo ndipo penyewe. Ningeweza kusema ni mitambo. Tata alikuwa ananiangalia, rafiki yangu alikuwa anaangalia ndala zake.

"Ng'ombe ni yangu, guka," nikasema. "Ni mimi nilibonyeza. Nilitoa plasta nikabonyeza, na huyu hakugusa kitu, na nilikuwa hapa mkimfukuza na nikanyamaza."

Guka alifikiria. Alisema basi ni ng'ombe mzuri, na nimwogeshe kila wiki. Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Nilipofika mlangoni rafiki yangu alisogea, si sana, kipimo cha mtu mmoja mwembamba. Nikakaa. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba pale bombani alifanya kazi nzuri kuliko mtu wa koti, ila alisahau supu. Akasema atakumbuka siku nyingine. Alikuwa bado amekasirika kidogo, nilisikia.

"Ng'ombe ni yangu" ni makosa. Ni "ni wangu", mtoto wa darasa la tatu anajua. Rafiki yangu alikuwa na Jumapili nzima ya kunisahihisha, na hakunisahihisha.